Mkalimani wa Mchungaji Mwita

Eunice Ndalahwa alianza kazi ya ukalimani kanisani kwa sababu ya mafua ya mtu mwingine. Mzee aliyekuwa akitafsiri mahubiri kutoka Kiswahili kwenda Kisukuma aliamka Jumapili moja sauti imemkauka kabisa. Wazee wa kanisa wakatazamana, kisha wakamtazama Eunice, mwalimu wa darasa la pili, ambaye lugha zote mbili zilimtoka bila kukwama. "Leo tu, mwalimu," walimwambia. Mzee alipona baada ya wiki, lakini nafasi yake hakuirudia. Watu walikuwa wamekwisha kusema kwamba mama huyu anatafsiri vizuri zaidi, na mzee mwenyewe hakuonekana kusikitika.

Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Eunice alikuwa amestaafu ualimu, amemzika mumewe, amemwoza binti yake Esta, na miguu yake ilikuwa inavimba akisimama zaidi ya nusu saa. Bado kila Jumapili alisimama hatua moja nyuma ya bega la kushoto la mchungaji, akingoja sentensi iishe ili aanze yake.

Kanisa lilikuwa la tofali na mabati, katika kijiji kilichojitenga kidogo na barabara iendayo Bulyanhulu. Vijana wa pale walikijua Kiswahili vizuri, maana walishinda na wachimbaji na wafanyabiashara waliotoka kila pembe ya nchi. Lakini mabenchi ya mbele yalikuwa ya akina mama wazee, na hao Kiswahili chao kiliishia kwenye salamu na bei za gulioni. Mahubiri yalitafsiriwa kwa ajili yao. Tena haikuwa mahubiri peke yake. Bibi akiitwa ofisi ya kijiji, Eunice naye aliitwa. Mzee akienda zahanati, Eunice alifuatana naye. Siku nyingine alirudi nyumbani jioni akiwa amesema kutwa nzima na hakuna neno hata moja lililokuwa lake.

Mchungaji aliyetafsiriwa alikuwa Mwita Marwa, mtu wa Tarime. Alikuwa mtu mwema, mwenye kutembelea wagonjwa kwa baiskeli hata jua likiwa kali, ila kauli yake ilikuwa kama shoka. Alikotoka, mtu akikukosea unamwambia, mnamaliza, mnakwenda kula. Jumapili yake ya kwanza, mwaka uleule Eunice alipoanza kutafsiri, alisimama mbele ya watu akasema, "Nimeambiwa ninyi ni wachoyo. Leo nimeangalia kapu la matoleo, nimeona kweli." Eunice alitazama mabenchi. Mbele yake walikaa wanawake waliolima pamba wakauza kwa hasara mwaka ule. Akasema kwa Kisukuma, "Mchungaji anasema amesikia habari zenu kabla hajafika, na ameona mwaka huu umekuwa mgumu." Wale akina mama waliitikia kwa vichwa. Mchungaji Mwita akadhani wamekubali kosa, akafurahi.

Basi ikawa hivyo miaka yote. Yeye alikata, Eunice akapiga msasa. Hakuona kwamba ni uongo. Alikuwa ameisoma Biblia mara nyingi, akaona jinsi inavyosifu jibu la upole na maneno matamu kama asali. Alijiambia kwamba anafanya kilichoandikwa. Akina mama wa mbele walimpenda mchungaji wao. Walisema kwa Mkurya ana ulimi mtamu sana.

Miongoni mwao alikuwapo Kabula, jirani yake Eunice na rafiki wa tangu ujana, ambaye watu walimwita Mama Shija. Kabula alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti nene iliyobeba kwaya nzima. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Shija, ambaye alichimba dhahabu upande wa Geita, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka minne. Kisa chake kijiji kizima kilikijua. Siku ya kumzika baba yake, Shija alifika kaburi limekwisha kufukiwa, buti zimejaa tope la shimoni na pumzi inanuka pombe. Kabula alimtazama mbele ya waombolezaji wote akamwambia, "Si ungebaki tu hukohuko chini." Shija aligeuka akaondoka. Alichosema mama yake kilikuwa na haki ndani yake, wengi walikiri, lakini hapakuwa mahali pake wala siku yake. Tangu hapo kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Mwezi wa tatu mwaka huu tumbo la Kabula, lililokuwa likimsumbua tangu mavuno yaliyopita, lilianza kujaa. Zahanati ikamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Shinyanga mjini. Eunice alifuatana naye, kama kawaida. Walipanda gari la alfajiri hadi Kahama, wakabadilisha, wakafika saa nne. Kabula alipimwa siku mbili, wakalala kwa binamu yake Eunice kule Ibadakuli, na siku ya tatu wakaitwa kwa daktari.

Daktari alikuwa binti wa miaka thelathini hivi aliyeitwa Yasmini, mwenye hijabu ya kijani na macho yaliyokosa usingizi. Alisimama kuwapokea, akawaamkia shikamoo wote wawili, akavuta kiti karibu na Kabula. Hakuwa na haraka. Aliyaweka majibu pembeni akasema, "Mama, nitakueleza ukweli, kwa sababu ni haki yako. Uvimbe ulioko tumboni umeshaenea hadi kwenye ini. Kuukata hatuwezi tena. Dawa tutakazokupa ni za kupunguza maumivu, si za kuuondoa. Sijui siku ngapi, Mungu ndiye anayejua, lakini ni miezi, haifiki mwaka. Kama kuna watu unataka kuwaona, au jambo unataka kulitengeneza, usingoje."

Kisha akamtazama Eunice ili atafsiri.

Kabula naye alimtazama Eunice. Alikuwa amekaa wima, kanga yake mpya imefungwa vizuri, mikono miwili mapajani kama mwanafunzi. Eunice alifungua kinywa. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka ni wakati gani aliamua, na hakuupata. Maneno yalipita njia iliyokwisha kuchimbika.

"Anasema ni uvimbe, na ni wa muda mrefu," alisema kwa Kisukuma. "Dawa yake inakwenda polepole. Atakupa za maumivu. Anasema upumzike, na mambo yako uyapange taratibu."

"Wabeja, ng'wanone," Kabula alimwambia daktari, asante mwanangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Daktari Yasmini alimtazama yule mama aliyepokea habari kama hizo kwa tabasamu, halafu akamtazama Eunice, kwa muda mrefu kidogo. "Ameelewa?" aliuliza.

"Ameelewa," alisema Eunice.

Njiani kurudi Kabula aliongea mfululizo. Alizungumza juu ya paa la jiko, juu ya mbegu za mwaka ujao. Kuhusu Shija alisema, "Mwaka huu Krismasi atakuja. Namjua. Akija, nitampikia na hatutazungumzia yaliyopita. Lakini aanze yeye." Eunice aliegemea kioo cha gari akafumba macho. Alijiambia kwamba atamwambia wakifika, akishapumzika. Walipofika alijiambia Jumapili, baada ya ibada. Jumapili Kabula aliimba vizuri kuliko wote.

Mwezi wa nne ukapita hivyo, na wa tano. Kila alipokwenda kwa jirani yake alikuta sababu ya kunyamaza. Siku moja palikuwa na wageni. Siku nyingine Kabula alikuwa amepata nafuu na ilionekana ukatili kumharibia. Kuna asubuhi alimkuta anatapika, na hapo pia haukuwa wakati. Alianza kuamka amechoka kama mtu aliyebeba mzigo akiwa usingizini.

Jumatano moja ya mwezi wa sita, kwenye kipindi cha kujifunza Biblia, Mchungaji Mwita alifundisha kuhusu ulimi. Alisoma pale panapofundisha jibu la upole, kisha akafungua kurasa za mbele zaidi, panaposema heri karipio la wazi kuliko upendo uliofichwa. Eunice alitafsiri yote mawili, la pili kwa haraka zaidi.

Generosa, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, aliyekuwa na tabia ya kuuliza, aliinua mkono. "Mchungaji, mimi hapa huwa nachanganyikiwa. Kuna mistari miwili imefuatana. Mmoja unakataza kumjibu mpumbavu, wa chini yake unasema mjibu. Sasa tushike upi?"

Watu walicheka. Mchungaji Mwita naye akacheka. "Yote miwili, mwalimu. Inategemea ni nani, na ni wakati gani. Ndiyo maana kwingine Biblia inasema kuna wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema."

Eunice alitafsiri. Halafu, badala ya kungoja, akasema kwa Kiswahili, "Na wakati tunaujuaje?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo. Mchungaji aligeuka, akatazama bega lake la kushoto kana kwamba kiti kimeongea.

"Ni wewe unayeuliza, Mama Esta?"

"Ni mimi. Mtu akikaa na neno akingoja wakati wake, na kila siku anaona bado, atajuaje kama anaungoja wakati au anaogopa tu?"

Mchungaji Mwita alifunga Biblia, kidole kikiwa ndani. "Sijui," alisema hatimaye. "Mimi nayajua maneno. Wakati sijawahi kuujua vizuri, hata mke wangu atakuambia." Watu wakacheka tena, kipindi kikafungwa kwa sala.

Eunice alibaki. Alikaa kwenye benchi la mbele, akavua viatu, akamweleza mchungaji habari ya hospitali tangu mwanzo hadi mwisho. Alimpa maneno ya daktari kama yalivyokuwa, kisha yale aliyoyasema yeye. Mchungaji alimsikiliza amesimama.

"Mama Esta," alisema, "umemnyima. Alipewa kitu chake mkononi, wewe ukakichukua njiani."

"Najua."

"Miezi mitatu. Na ana mtoto."

"Najua, Mchungaji."

Kisha uso wa Mchungaji ukabadilika polepole, kama mtu aliyekumbuka kuwa hakufunga mlango wa nyumba. "Na mimi," alisema. "Mimi huwa unanitafsiri namna hiyohiyo?"

Eunice angeweza kusema hapana. Alikuwa amechoka mno kusema hapana. "Ukiwa mpole natafsiri kama ulivyosema," alijibu. "Ukiwa mkali napunguza."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kapu la matoleo."

Mchungaji Mwita alikaa kwenye benchi la pili, mbali naye kidogo. Nje mtu alipitisha mbuzi, kengele ikasikika hadi ikaisha. "Kwa hiyo miaka kumi na moja," alisema kwa sauti ya chini, "hawajanisikia hata siku moja."

"Wamekusikia, Mchungaji. Kama wangekusikia wewe mwenyewe tu, wangebaki wangapi?"

Mchungaji aliinuka, akachukua baiskeli yake, akaondoka bila kuaga, na haikuwa kawaida yake. Eunice alivaa viatu taratibu. Hakuhisi kuwa ametua mzigo. Alihisi ameongeza mwingine.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Kabula. Alimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Alikuwa amekonda mikono na shingo, tumbo peke yake ndilo lililonenepa. Eunice alichukua kisu cha pili akakaa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, mazuri, yenye kuanza mbali na kufika polepole.

"Generosa ana namba ya mtu aliyeko kule kwa Shija," alianza. "Anasema anaweza kumpata kwa simu leo."

"Mwache," alisema Kabula. "Aanze yeye. Haraka ya nini, muda upo."

"Muda haupo."

Yalimtoka hivyo, makavu, bila hata mama au dada yangu mbele yake. Maneno yote aliyoyapanga yalipotea. Kabula alimaliza kiazi alichoshika, akapanga vipande kwenye ungo kimoja kimoja.

"Nani kasema?"

"Daktari. Yule binti wa Shinyanga. Alisema uvimbe umefika kwenye ini, hakuna cha kukata. Alisema ni miezi. Alisema kama kuna mtu unataka kumwona, usingoje."

"Alisema siku ile?"

"Siku ile."

"Nikiwa nimekaa pale."

"Ndiyo."

Kabula alihesabu kwa vidole, mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Hakulia. "Nilimshika mkono," alisema. "Nilimshukuru nikicheka. Ameniona mjinga yule mtoto." Alikitua kisu chini. "Nenda nyumbani, Mama Esta."

"Mama Shija, nilitaka..."

"Nenda nyumbani."

Kwa wiki kadhaa Kabula hakumruhusu kuingia. Uji ulipelekwa na wengine. Eunice alikaa kwake akisikia kikohozi cha rafiki yake upande wa pili wa ukuta, akapepeta mpunga uliokwisha kupepetwa. Habari alizipata kwa Generosa. Alisikia kwamba jioni ileile Kabula aliomba simu, akampigia mwanaye yeye mwenyewe, akamwambia kwa maneno machache kwamba anakufa na kama anataka kumwona aje. Shija alikuja kwa pikipiki siku ya pili yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Waliyosemezana ndani ya chumba kile, Generosa hakuyajua. Alisikia tu wakizungumzia paa la jiko, na kesho yake Shija akapanda juu kulitengeneza.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Kabula alimwita Eunice. Alikuwa amelala ubavu, mto umewekwa tumboni. Sauti nene ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Kaa," alisema. Eunice akakaa pembeni ya kitanda. "Nimekuwa nafikiri juu yako. Umeniibia miezi mitatu. Ningekuwa nimemwona mwanangu tangu mwezi wa tatu, nikiwa na nguvu za kumpikia."

"Ni kweli."

"Na miezi hiyohiyo nililala usingizi. Niliimba. Tangu uniambie sijalala." Alipumua kwanza. "Nikitaka kukulaumu naukumbuka usingizi huo. Nikitaka kukushukuru namkumbuka mwanangu. Nimechoka, Mama Esta. Sitafikiri tena. Nipe maji."

Eunice alimnywesha. Alikaa hadi Kabula aliposinzia, akamwondoa nzi mmoja shavuni, akatoka.

Kabula alifariki wiki ya pili ya mwezi wa nane. Asubuhi ya mazishi Mchungaji Mwita alikuja nyumbani kwa Eunice kabla ya ibada. Tangu ile Jumatano alikuwa akihubiri kwa sentensi fupi, akigeuka kila mara kumwangalia, kama mtu anayepima sukari kwa kijiko. Alitoa karatasi mfukoni.

"Nimeandika," alisema. "Nataka usome kwanza. Pakiwa pakali uniambie, nibadilishe mwenyewe. Halafu mbele ya watu useme nilichosema."

Eunice alisoma. Alimwonyesha sehemu mbili. Moja Mchungaji aliifuta. Nyingine, iliyowahusu ndugu wa marehemu ambao hawakufika hata mara moja alipokuwa mgonjwa, aliitazama muda mrefu akasema, "Hii iache. Wanapaswa kuisikia."

"Leo? Kwenye msiba?" aliuliza Eunice.

"Kesho watakuwa wameondoka."

Ikasemwa, na Eunice akaitafsiri neno kwa neno. Ndugu hao waliinamisha macho. Mmoja aliinuka akaondoka na hakula chakula cha msiba. Mwingine alibaki siku tatu akichota maji. Akina mama wa mabenchi ya mbele walisema wao kwa wao kwamba mchungaji wao amebadilika, sijui amepatwa na nini, alikuwa mtu laini.

Eunice aliomba kupumzika. Siku hizi anapokezana na Generosa, ambaye amejifunza Kisukuma haraka kuliko ilivyotarajiwa na anatafsiri kila kitu, hata kikohozi. Jumapili za zamu ya Generosa, Eunice anakaa nyuma karibu na mlango.

Mwezi wa tisa Shija alikuja kufunga nyumba ya mama yake kabla ya kurudi Geita. Alipita kwa Eunice kuaga. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akakataa kiti. Alikuwa mtu mzima sasa, mvi mbili tatu kidevuni, kofia ya plastiki ya shimoni imening'inia kwenye usukani wa pikipiki.

"Mama," alisema, "wewe ndiye uliyekuwa naye miaka yote ile. Alikuwa ananisema? Aliwahi kusema amenisamehe?"

Eunice aliona jibu zuri likija lenyewe, limekwisha kulainika. Kijana alikuwa na safari ndefu mbele yake, na mama yake alikuwa ardhini. Nani angeumia?

"Alikutaja," alisema. "Mara nyingi. Alisema Krismasi utakuja na atakupikia. Kukusamehe hakuwahi kutamka, mimi sijamsikia. Alikuwa anasema wewe ndiye uanze."

Shija alitazama chini, akaikwangua ardhi kwa ncha ya buti. "Na aliyeanza ni yeye," alisema.

"Ni yeye."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Eunice hakuweza kujua kama amemsaidia au amemjeruhi, na hakumuuliza. Alimpa nusu gunia la michembe ya kula njiani, akamsaidia kulifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akasimama uani hadi mlio ulipopotea upande wa barabara kubwa. Kisha akaingia ndani kulala kidogo, maana ilikuwa mchana na hakuna aliyemhitaji.